Chumvi Juu ya Krispi

Krispi ni mzigo wa juu. Mtu yeyote aliyewahi kupakia lori anajua hilo bila kufundishwa. Chini unaweka saruji, halafu chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Juu kabisa, chini ya turubai, unaweka kile kisichoweza kubeba kitu kingine. Katoni ya krispi, vile vipande vyembamba vya viazi vya kukaanga, ni kubwa kama sanduku la bibi arusi, lakini unaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja, kwa sababu ndani yake kuna upepo mwingi kuliko chakula. Hakuna anayekodi lori zima kwa ajili ya kusafirisha upepo. Kwa hiyo mwenye krispi ni mtu wa kuomba. Anaomba nafasi ya juu kwenye lori la mwenzake, na akipewa anasema alhamdulillahi, maana bila nafasi hiyo hana biashara.

Mimi nimeomba nafasi hiyo kwa miaka mingi. Namshukuru Mungu kwa kila katoni iliyofika nzima, kwa sababu njia ni ndefu. Mizigo yetu inashuka Mombasa, inapanda milima ya Kenya, inavuka Malaba, inalala Kampala, inapita Karuma na daraja la Pakwach, inapumzika Arua, ndipo inatufikia sisi Koboko. Kule milimani mifuko inavimba. Dereva mmoja aliwahi kuniambia kwamba kwenye kona za juu alisikia katoni zinalia nyuma yake, akadhani kuna paka amepanda. Lori likishuka, mifuko inatulia tena. Ikifika kwetu, mteja anaubonyeza mfuko kwa kidole gumba. Mfuko ukirudisha kidole, ananunua. Ukilegea, anasema, "Hii imekufa," anauacha juu ya meza.

Aliyekuwa ananipa nafasi ya juu alikuwa ndugu yangu. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini sijui neno lingine la kumwita. Baba zetu walikuwa askari katika kambi moja. Tulisoma Kurani kwa mwalimu mmoja, tukichapwa kwa fimbo moja. Nchi ilipogeuka, serikali ikapinduliwa, na watu wa jeshi wakakimbia pamoja na familia zao, tulivuka mpaka wa Sudani tukiwa tumeshikana mikono, na kule tulilala chini ya kipande kimoja cha hema mpaka tukaota ndevu. Tuliporudi, yeye alikaa Arua akanunua lori. Mimi nilikaa Koboko, nikafungua duka, na jioni nikawa nafundisha watoto dini. Watu wananiita Mwalimu mpaka leo.

Kila Idi mtaani kwetu ina desturi yake. Watoto wakitoka kuswali, wakiwa na nguo mpya na sarafu walizopewa na wajomba na shangazi, hawaendi kununua pipi. Wanakuja kununua krispi. Desturi hiyo, kwa idhini ya Mungu, ilianzia dukani kwangu. Siku hiyo moja ililisha duka langu miezi mingi. Hata watoto wa majirani Wakristo walijiunga, na wanawake wafanyabiashara waliokimbia vita Sudani Kusini walichukua katoni nzima nzima kupeleka kwenye makambi yao.

Mwaka mmoja niliagiza mzigo wa Idi mkubwa kuliko yote niliyowahi kuleta. Niliweka humo kila nilichokuwa nacho. Ulifika Arua salama, nikampigia ndugu yangu.

"Nafasi ya juu iko?" nikamuuliza.

"Wewe tena! Wewe ukikosa nafasi kwangu utapata kwa nani? Lala usingizi, Mwalimu."

Nililala usingizi. Lori lilifika Koboko siku ya pili, saa nne asubuhi. Wapakuzi walifungua turubai, na juu hapakuwa na katoni. Palikuwa na magunia ya chumvi, safu juu ya safu. Wakayashusha. Katoni zangu zilikuwa chini yake, bapa kama vitabu. Nilifungua ya kwanza. Mifuko mingine ilikuwa imepasuka, mingine haikupasuka lakini ndani yake kila kitu kilikuwa kimesagika. Mpakuzi mmoja alichukua mfuko akautikisa karibu na sikio.

"Mwalimu," akasema, "hii si krispi tena. Hii iko unga. Wewe nunua sukari, pika uji."

Wenzake wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, kwa sababu nilidhani ni bahati mbaya. Nilimpigia ndugu yangu kumpa pole, mimi kumpa yeye! Akasema, "Wapakiaji hawa hawana akili. Mungu akupe badala." Nikasema amina.

Siku mbili kabla ya Idi, duka jipya lilifunguliwa upande wa pili wa barabara, likitazamana na mlango wangu. Lilikuwa lake. Ndani kulikuwa na krispi, chevda ile ya dengu na karanga, na bisi, aina zilezile nilizoagiza mimi, na kila mfuko ukirudisha kidole. Siku ya Idi nilikaa nje ya duka langu nikawatazama watoto wanavuka barabara. Wengine walikuwa wanafunzi wangu. Walinisalimia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," kisha wakavuka.

Unga wangu aliuchukua mama mmoja mfugaji wa kuku kutoka Dranya. Mke wangu akasema kuku wa Dranya wamekula Idi kabla yetu.

Nilikwenda Arua kumtembelea mgonjwa, na nikapita pale malori yanapopakia. Mama anayeuza chai pale ananijua. Aliniwekea kikombe, akaangalia kulia na kushoto, akainama kama anayefuta benchi.

"Mzee wangu, mimi nitakuambia kitu, lakini wewe hapana sema iko mimi. Mimi nakula hapa."

Nilimwahidi.

"Vitu yako vilikuwa juu. Vijana walipanga juu vizuri kabisa. Yeye mwenyewe alikuja, akasema shusha. Vijana wakasema, Mzee, hii ya Mwalimu itavunjika. Akasema, mimi nasema weka chumvi juu. Alisimama hapa, chai yangu mkononi, mpaka gunia ya mwisho ikapanda. Hakumaliza hata chai."

Nilikunywa yangu mpaka mwisho. Nilimshukuru. Nilirudi Koboko, na kwa sababu nilikuwa nimetoa ahadi, sikusema kitu kwa mtu yeyote isipokuwa mke wangu.

Watu wanadhani subira ni kukaa kimya kama ng'ombe anyeshewaye mvua. Subira yangu ilikuwa na meno. Sikumwombea mabaya, maana mwalimu wetu alitufundisha kwamba dua mbaya inaweza kumrudia mwenyewe. Lakini kila nilipomaliza kuswali niliwaombea msamaha wazazi wangu, walimu wangu, majirani, wafu wote wa Koboko, na nilipofika kwake niliruka. Nilimruka kila siku mara tano. Msikitini nilimpa mkono na kumjibu salamu, kwa sababu kujibu salamu ni wajibu. Nilijibu kwa kadiri ya wajibu, hata herufi moja sikuongeza.

Nikaanza tena kidogo kidogo. Nilijifunza kwamba kuna mzigo mwingine mwepesi kama wangu, nao ni magodoro. Hakuna mwendawazimu anayepakia chumvi juu ya magodoro. Nikawaendea wenye magodoro, katoni zangu zikawa zinasafiri katikati yao kama wagonjwa wa hospitali ya kulipia. Mfuko haukuvunjika hata mmoja. Nikawafuata wale wanawake wa Sudani Kusini hukohuko wanakokaa. Nilikaa nao, nikawaonjesha, nikasikiliza. Walipenda pilipili. Ile yenye ladha ya siki waliitema.

"Baba, hii imechacha," mmoja aliniambia akijifuta ulimi kwa kanga. "Wewe nataka kuua sisi? Vita ilishindwa, sasa wewe?"

Nililiweka hilo moyoni. Kwa hiyo siku ile ndugu yangu alipokaa karibu nami msikitini Ijumaa, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwalimu, wewe unawajua watu hawa. Nilete ladha gani safari hii? Nasikia siki ni bei nzuri Kampala," nilimjibu kwa maneno yasiyo na dhambi hata moja.

"Riziki iko kwa Mungu, ndugu yangu."

"Kweli," akasema. "Kweli kabisa."

Akaleta lori zima la siki.

Sikudanganya. Nimelipima jambo hilo mara nyingi na sioni mahali nilipodanganya. Niliketi mlangoni kwangu miezi ile nikitazama katoni zake zinavyofifia rangi dirishani kwa jua, na nilihisi furaha ambayo sikuwahi kuihisi hata mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa. Mwaka uliofuata aliacha krispi, akaweka mabeseni na madumu ya maji. Halafu akafunga duka, akabaki na lori lake Arua. Idi ikarudi mlangoni kwangu. Watoto wakavuka barabara kurudi.

Ningesema yaliishia hapo. Lakini hasira yangu haikuwa imeshiba. Alikuwa amepoteza duka, lakini hakujua kwa nini, na hakuwa amesema neno.

Kisha akapata nafasi ya kwenda Hija.

Kwetu, mtu akikaribia kusafiri kwenda Makka, anazunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Haki ya Mungu anaisamehe Mungu. Haki ya jirani yako, lazima jirani mwenyewe aiachie. Haya niliyafundisha mwenyewe kwa miaka mingi, na kila mtoto wa mtaa wetu anaweza kuyasema akiwa amelala. Lakini desturi imeyalainisha. Msafiri anakuja na wazee wawili, anasema, "Kama kuna jambo nimekukosea, naomba radhi." Mwenyeji anasema, "Tumesameheana." Wanakunywa chai, wanaenda nyumba ya pili. Hakuna anayeuliza jambo lenyewe ni lipi.

Alikuja Koboko na wazee wawili baada ya swala ya alasiri. Alivaa kanzu mpya. Mke wangu alileta chai.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi na wewe tumetoka mbali. Nasafiri wiki ijayo. Kama kuna jambo nimekukosea, naomba radhi."

Wazee walikuwa wameshanyoosha mikono kuchukua vikombe.

"Jambo gani?" nikauliza.

Mikono ilisimama.

"Jambo lolote," akasema.

"Mimi sina msamaha wa jambo lolote. Nina msamaha wa jambo moja. Litaje nikupe."

Mzee mmoja alicheka kidogo, akidhani ni utani wa watu waliokua pamoja. "Mwalimu, usimtese mwenzako. Ni maneno ya dunia tu."

"Dunia ina maneno mengi, mzee wangu. Ataje moja."

Ndugu yangu aliniangalia, na nikaona kwamba amejua kwamba ninajua. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Aliwatazama wale wazee wawili, watu wazito wanaoheshimiwa kutoka hapa mpaka Oraba.

"Basi," akasema. "Kama huna nafasi leo."

"Nafasi ninayo. Hata kesho ninayo."

Waliondoka bila kugusa chai. Habari ilifika sokoni kabla yao.

Kesho yake imamu wetu alikuja. Ni kijana niliyemfundisha alifu na be, kwa hiyo alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mwalimu, watu wanaumia. Mtu anakwenda kwa Mungu."

"Na aende. Nimefunga barabara?"

"Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba kusamehe ni bora."

"Nilisema ni bora. Nilisema ni lazima?"

Alifikiri. "Hapana, Mwalimu."

"Na mwenye kosa, nilisema afanye nini?"

"Akubali kosa lake," akasema polepole, kama yuko tena mbele ya ubao wangu.

"Umefaulu," nikamwambia. "Kunywa chai."

Mke wangu hakuwa mwanafunzi wangu, na hakukaa ukingoni. Usiku ulipokaribia alikuwa anachambua maharage aliyoletewa kutoka Ayivu, nami nilikuwa nimekaa karibu.

"Wewe unafurahi," akasema.

"Namshukuru Mungu."

"Sikuuliza hiyo. Nasema unafurahi. Uso wako unang'aa kama mtu aliyepaka mafuta." Akatupa harage bovu. "Na ukifa wewe kwanza? Utakwenda na huo unga wako mpaka kaburini?"

"Nikifa kwanza, nitamsubiri huko mbele ya Mungu. Huko hakuna wazee wawili wa kumfichia."

"Mzee, mimi nakuogopa," akasema, na hakucheka.

Akasafiri. Aliondoka Arua bila neno langu. Wenzake kadhaa wa Koboko walikuwa katika msafara huo, na wao wote walikuwa wamekuja kwangu, nikawasamehe bila kuuliza, hata yule aliyewahi kuniibia mbuzi. Siku zikahesabika. Niliuza, nilifundisha, niliswali. Na kila siku nilijua mahali alipo: leo wamefika Madina, leo wanavaa ihramu, leo wanazunguka Kaaba. Nilimfuata njia nzima kama deni... hapana, si deni, maana deni mtu anaweza kutuma mtoto alipe. Nilimfuata kama kiu.

Siku moja kabla ya Arafa, ile siku ambayo mahujaji wote wanasimama kuomba na inasemwa mtu anaweza kurudi msafi kama alivyozaliwa, simu yangu ililia dukani wakati wa adhuhuri. Namba ilikuwa ya nchi ya kule. Niliitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena, nikaitazama tena. Mke wangu, aliyekuwa anapanga mifuko ya chevda, alisimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Ikilia ya tatu nachukua mimi," akasema.

Ya tatu nikaichukua mwenyewe.

Kulikuwa na kelele za watu wengi. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuomba.

"Ndugu yangu. Kesho tunasimama."

"Najua."

"Siwezi kusimama hivi. Nikianza kuomba naliona lile lori."

"Lori gani?"

Niliwasikia watu nyuma yake wakizungumza lugha yetu, nikajua ni wale wa msafara wa Koboko.

"Watu wako hapa karibu," akasema kwa sauti ya chini. "Wa nyumbani."

"Vizuri. Basi sema kwa nguvu."

"Ndugu yangu, nionee huruma."

"Nakusikiliza. Wao pia wasikilize."

Nilisikia anavuta pumzi. Halafu akasema, na alisema kwa nguvu kweli, mpaka mke wangu akasikia kutoka alipokuwa amesimama: "Mimi ndiye niliyeamrisha mzigo wako ushushwe. Wapakiaji walinikataza. Nilisema chumvi iende juu. Nilitaka Idi iwe yangu. Niliwasingizia wapakiaji, na niliposema Mungu akupe badala nilikuwa najua. Nilijua yote."

Nyuma yake kelele za lugha yetu zilikuwa zimekatika. Nilijua nyuso zao bila kuziona. Nilijua pia kwamba watarudi Koboko na maji ya Zamzamu na tende, na pamoja na hizo watarudi na maneno hayo, na kwamba mtaani wakimwita Haji, mtu mmoja kila mara atatazama chini asicheke.

"Ndugu yangu?" akasema. "Uko?"

Nilikuwepo. Nilisikia anavyopumua, mzee mwenzangu, katika joto la jangwa, mikono mitupu, akiwa na vitambaa viwili vyeupe tu mwilini. Neno lilikuwa limeshaiva mdomoni mwangu na sikulitoa. Mke wangu alinishika mkono wa kanzu. Nilimwacha apumue mara ya pili, na ya tatu, na ya nne.

"Nimekusamehe," nikasema. "Mbele ya Mungu na mbele ya hao walio nawe. Sina haki juu yako. Kasimame."

Alilia. Nilikata simu kabla hajanishukuru, kwa sababu shukrani zake sikuzitaka.

Siku iliyofuata nilifunga saumu ya Arafa, na baada ya swala, nilipofika kwenye jina lake, sikuliruka. Msamaha ule ni wa kweli, sijaurudisha na sitaurudisha. Amerudi, tunapeana mkono, namwita Haji, na yeye hawezi kunitazama muda mrefu. Namshukuru Mungu aliyenipa nguvu ya kusamehe. Lakini zile pumzi nne nilizomwacha avute akiningoja, na siku zile zote nilizomfuata mpaka Makka, nimezitafutia majuto ndani ya moyo wangu niweze kuzitubia. Bado sijayapata.